Mpiga Picha wa Vita: Yevgeny Khaldei

Wengi wenu mmekwisha kuiona picha ile, hata kama hamkuambiwa ni ya nani: askari wa Kisovieti yuko juu ya jengo kubwa lililobomoka, anatweka bendera, mwenzake amemshika kwa chini, na mji wa Berlin umeenea magofu matupu. Leo twataka kuwaeleza habari za mtu aliyeipiga, na habari ya mkono mmoja katika picha hiyo.

Jina lake Yevgeny Khaldei. Alizaliwa mwaka wa 1917 katika mji ambao sasa waitwa Donetsk, nchi ya Ukraine, katika jamaa ya Kiyahudi. Alipokuwa mtoto wa mwaka mmoja, watu wenye chuki waliwashambulia Wayahudi wa mji ule. Risasi ilimpiga mama yake, ikapenya, ikamwingia na mtoto aliyepakatwa. Mama akafa, mtoto akapona, akalelewa na nyanya yake. Kamera yake ya kwanza aliiunda mwenyewe kwa karatasi ngumu na kioo cha miwani ya nyanya huyo, ambaye bila shaka alikuwa mtu wa subira.

Mwaka wa 1936 aliajiriwa na TASS, shirika la habari la Muungano wa Kisovieti. Tarehe 22 Juni 1941 Wajeremani waliivamia nchi, na waziri Molotov akawatangazia watu katika radio. Khaldei akashuka njiani mjini Moscow na kamera yake. Hakutafuta bunduki wala jemadari. Alipiga picha ya watu waliosimama wakisikiliza kipaza sauti. Sisi tulio watu wa radio twaipenda picha hiyo kuliko zake zote, maana maneno hayaonekani, lakini kila uso wayasema.

Baadaye alipewa cheo cha afisa wa manowari, akafuatana na majeshi miaka yote ya vita, tangu Murmansk kwenye baridi kali. Kerch, mwaka wa 1942, alipiga picha za handaki lililojaa maiti za raia waliouawa. Kwao Donetsk, baba yake na ndugu zake wa kike watatu waliuawa na Wajeremani vivyo hivyo. Budapest, mwaka wa 1945, aliwakuta mume na mke Wayahudi, wangali na nyota za manjano walizolazimishwa kuvaa vifuani. Akawapiga picha, kisha akazibandua nyota zile kwa mkono wake.

Basi Berlin. Bendera ya kwanza ilitwekwa juu ya jengo la Reichstag usiku wa tarehe 30 Aprili 1945, gizani, wala hapana aliyeipiga picha. Khaldei alikuwa amekuja na bendera zake kutoka Moscow: vitambaa vyekundu vya meza, vilivyoshonwa na rafiki yake fundi cherehani. Tarehe 2 Mei alipanda juu na askari wachache, akawaonyesha mahali pa kusimama, akapiga.

Picha ilipofika Moscow, mhariri aliona jambo. Yule askari aliyemshika mwenzake alikuwa na saa mikono yote miwili. Watu wangesema kwamba moja ameipora. Khaldei akatwaa sindano, akaikwaruza saa moja hata ikatoweka. Moshi nao ukaongezwa, ili vita vionekane vingali vikali.

Kwa bendera hatumlaumu sana. Ushindi ulikuwa wa kweli, na askari walikuwa askari kweli. Lakini sindano ni jambo jingine. Mtu aliyeonyesha handaki la Kerch alijua thamani ya picha isiyoguswa, maana mwaka wa 1946 alikuwako Nuremberg akiwapiga picha wakuu wa Wajeremani wakihukumiwa, na picha zake mwenyewe zilikuwa miongoni mwa ushahidi.

Mwaka wa 1948 TASS ilimwachisha kazi. Alihangaika miaka mingi kabla ya kupata kazi katika gazeti la Pravda, na picha yake ilizunguka ulimwengu bila ya watu kulijua jina lake. Alikufa Moscow mwezi wa Oktoba 1997, mwenye miaka 80. Picha ambayo haikukwaruzwa ingaliko, na siku hizi huchapishwa kando ya ile nyingine. Ukiitazama vizuri mikono ya yule askari wa chini, utaona saa zote mbili.