Je, Wajua? Soksi za Dobby, Kisima cha Liongo

Katika ufuo wa Freshwater West, Wales, mashabiki wa Harry Potter wamemjengea kaburi Dobby, kibwengo mtumwa ambaye hakuwahi kuishi. Waombolezaji walimwachia soksi nyingi mno hata mwaka 2022 shirika la National Trust likawasihi waache: zingeweza kudhuru wanyama wa baharini.

Usiwacheke. Waliosoma *Kifo Kisimani* ya Kithaka wa Mberia kwa ajili ya mtihani wa KCSE, Athi River na kwingineko nchini Kenya, wanajua uchungu wa kumpoteza Mwelusi, aliyesalitiwa na ndugu yake mwenyewe. Tamthilia hiyo imechota kwa Fumo Liongo, jitu la masimulizi ya Waswahili lisilodhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni. Mwanawe alipomdunga, Liongo alijikokota hadi kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa vivyo hivyo. Watu wakashinda na kiu siku kadhaa wakidhani yu hai! Mama yake ndiye aliyeletwa kumbembeleza.

Kaburi la Liongo? Wenyeji huonyesha la Ozi, karibu na Kipini, kaskazini mwa Malindi ambako maji ya mto Athi huingia baharini kwa jina la Sabaki.