Dishi ya Kusimama

Wacha nikushow kitu na usikatae haraka: dishi kali zote umewahi kumanga, ulizimanga ukiwa umesimama. Fikiria tu. Smokie, ulisimama. Mutura, ulisimama, tena umeinama mbele kiasi ndio supu isimwagikie raba mpya. Mahindi choma ulikuwa unatembea. Hata ile chapo moto ulichomoa kwa sufuria mathe akiangalia kando, ulikuwa mbio. Sasa nitajie dishi moja ya kiti na kitambaa cheupe yenye ulirudi base ukahadithia wasee.

Nangoja.

Nilijua tu. Hapa Eastlando, kutoka Maka hadi Kayole, Buru hadi Dandora, sheria ni moja na hakuna mahali imeandikwa: ukiona kiti, jua unalipia kiti.

Smokie: interview ya mtaa

Hii ndio dishi hupima ka wewe ni wa mtaa ama umekuja kutembelea cuzo. Trolley iko stage. Msee amevaa dustcoat nyeupe (ilikuwa nyeupe). Anapasua smokie katikati, anashindilia kachumbari, anakuuliza, "Pilipili?" Hapo ndio wengi hufeli. Ukisema "kidogo," umejianika. Ukiuliza ka iko na gluten, rudi Kile.

Sauce nayo ni story ingine. Ile chupa nyekundu imeongezewa maji tangu Monday. Ikifika Friday ni juice. Hakuna mtu huuliza. Unafungiwa na karatasi ya exercise book ya mtoi wa grade five, unamanga ukimark hesabu zake. Mtoi hajui fractions, lakini smokie iko sawa.

Kitu inauma ni bei. Smokie ilikuwa mbao, maze. Mbao! Leo toa mbao uone venye utaangaliwa. Dawa ni smocha: smokie ndani ya chapo, kachumbari juu, kunja, tembea. Kuna degree za campo zimebebwa na smocha pekee, HELB ikiwa imeisha wiki ya pili. Siku ya graduation wanashukuru Mungu na wazazi. Msee wa trolley hata hatajwi. Huo ni ukatili.

Mutura: bunge la jioni

Saa kumi na mbili jioni, moshi inaanza kwa kona. Utumbo umejazwa damu, nyama ya kukatakata, kitunguu na dania, ukachemshwa, sasa unamalizia kwa makaa. Ubao umekatiwa nyama hadi umeshika bonde katikati. Chumvi iko kwa kona. Wewe unasema tu, "Ya finje," na kisu inaanza kuongea.

Uzuri wa hiyo ubao ni haina VIP. Konda, fundi wa simu, ticha wa primary, buda wa Probox, wote vidole viko mahali pamoja. Siasa ya nchi inapangwa hapo, Arsenal inafukuziwa kocha hapo, na mtu akichukua vipande viwili mara moja anatambuliwa na raia wote. Supu inakuja na kikombe ya plastiki. Kikombe ni ya kila mtu. Usifikirie sana.

Mathe akisikia umekula mutura ataanza: "Hiyo kitu imeoshwa na maji gani?" Sawa mathe. July 2019, NTV ilitoa ile story ya Red Alert. Nyama ya supermarket, yenye imelala kwa fridge na taa inaimulika, kumbe wengine walikuwa wanaipiga sodium metabisulphite ndio ionekane fresh. Supermarket, mathe! Mahali kuna AC na trolley ya kusukuma! Mutura ya mtaa haina hata time ya kuoza. Nyama imetoka Burma asubuhi, kufika saa mbili usiku imebaki kamba na story.

Samosa ya nyama nayo sitetei. 2018, huko Nakuru, jamaa alishikwa akichinja paka, na alisema soko yake ni wasee wa samosa. Tangu hiyo siku mimi ni mtu wa samosa ya ndengu. Ndengu haina kucha.

Kibandaski: bench si kiti

Najua unataka kunishika hapo. "Lakini kibandaski kuna mahali ya kukaa." Budangu, bench si kiti. Kiti iko na mgongo. Bench ni mbao moja, wasee sita, na huyo wa mwisho akisimama bila kutangaza, wewe uko chini na sahani yako.

Order ni hii: chapo mbili, madondo, avocado kando. Supu ya kuongezwa ni haki ya raia, haiandikwi kwa bill. Bill yenyewe haiandikwi. Mama anakumbuka yako, ya huyo jamaa wa hardware, na ile ya jana ulisema utatuma. Unatuma kwa Pochi, anaangalia simu, anakuangalia, anaangalia simu tena. Hiyo ndio receipt.

Buda yangu akinikuta nikimanga chapo Tuesday anaumwa. "Sisi chapati ilikuwa ya Krismasi!" Anasema hivyo kifua mbele, utadhani ni tuzo. Buda, mlikuwa mnateseka. Mwaka nzima mnangoja unga ya ngano, halafu mnapewa mbili, na ya tatu ni ya wageni. Hiyo si malezi poa, hiyo ni remand.

Akitoka hapo anaingia kwa maziwa ya Nyayo. Lazima. Moi alianzisha 1979, watoi wa primary wakawa wanapewa maziwa ya bure, pakiti ya pembe tatu. Ukiskiza venye buda anahadithia, utadhani alikamua hiyo ng'ombe yeye mwenyewe. Nikamshow watoi wa sasa wako na Dishi na County tangu 2023, wanatap mkono tu, lunch ya five bob. Akafikiria kidogo. "Five bob? Sisi ilikuwa bure." Huwezi shinda hawa watu. Waachie maziwa yao.

Githeri: kutoka aibu hadi medali

Kulikuwa na time githeri ilikuwa siri ya familia. Mgeni akipiga hodi, sufuria inafunikwa. Ukiulizwa ulidish nini jana, unasema "rice" na unaangalia kando.

Halafu ikafika 8 August 2017, siku ya kura. Msee wa Kayole, Martin Kamotho, amepanga laini ya kupiga kura na githeri yake kwa paper, anamanga bila stress. Amesimama, note hiyo. Picha ikatrend, wasee wakamphotoshop kila mahali, jina ikawa Githeri Man. Kabla mwaka iishe, Uhuru Kenyatta alikuwa amempea Head of State Commendation. Mtu alidish mahindi na maharagwe kwa laini, akaitwa na serikali. Mwingine amesoma hadi PhD, hajapata hata kalenda ya county.

Na comedy yenyewe ni hii: 28 August, siku ishirini baada ya hiyo picha, ban ya mifuko ya plastiki ikaanza kufanya kazi. Angechelewa kidogo, medali ingekuwa pingu.

Chips mwitu: wale wa nje walijaribu

January 2022, KFC iliishiwa na chips. Kenya hii! Nchi yenye Nyandarua! Kumbe waru yao ilikuwa inaagizwa kutoka nje na mzigo ikachelewa. Wateja wakaambiwa wanaeza badilishiwa wapewe ugali. Twitter ikawaka, wakulima wakakasirika, hata wenye hawajawahi ingia KFC wakatangaza boycott. Hao ndio walikuwa na kelele mingi.

Hiyo wiki yote, msee wa chips mwitu pale Umoja alikuwa na gunia za Shangi hadi kwa mlango. Hangoji meli. Waru inashuka Marikiti asubuhi, jioni iko kwa ile sanduku ya kioo, balbu inaipasha, mafuta imeona mambo mengi na haisemi. Unaongezewa moja mbili juu ya paper, huo ni upendo. Na usisahau Finance Bill ya 2024 ilikuwa imebeba VAT ya 16% kwa mkate na excise ya 25% kwa mafuta ya mboga. Mkate ikachomolewa mapema, na bill yote ikawekwa chini baada ya wasee kuingia tao, na wengine hawakurudi home. Kwa hivyo mtu akikuambia chips ya finje ni jokes, mwambie aheshimu.

Bill ya kiti

Sasa tuongee kuhusu aibu. Umepeleka mtu wako Westi kuonyesha umeomoka. Kiti laini. Kiti iko na mikono. Hapo tayari umepoteza soo tano. Menu haina shilingi, ni namba tu: 1,450. Unadhani ni code ya parking. Waiter anauliza maji ni still ama sparkling. Jaribu kusema ya bomba.

Dishi inakuja kwa sahani kubwa, kipande ya kuku iko katikati peke yake, inaogopa. Kando kuna mistari ya sauce, mtu alikuwa anajaribu kalamu. Unaulizia supu ya kuongeza, mtu wako anajifanya hakujui. Halafu bill: VAT 16%, catering levy 2%, service charge. Mama wa kibandaski hajawahi kukutoza levy. Akikutoza sana ni, "Utaoa lini?"

Saa nne usiku mmeshuka Buru, njaa imewashika wote wawili, hakuna mtu anataka kuwa wa kwanza kusema. Trolley iko hapo. Mnapasuliwa mbili, pilipili mob. Hiyo ndio wakati wa kwanza usiku wote mnacheka.

Na mababi wameshtukia. Saa hii kuna joint za lami zinauza mutura kwa ubao ya design, imepangwa vipande vitano, jani la dania juu. Wanaiita street food, halafu wanakupea kiti. Street iko wapi? Vumbi iko wapi? Nani anabishana na wewe kuhusu Gor?

Kwa hivyo Saturday ukiwa na rwabe, form ni rahisi. Mahindi choma ukitembea Mutindwa, smocha stage, malizia na mutura ya finje kabla saa mbili, juu ikiisha imeisha. Beba change, usibebe fork. Kama una mtu wako, mlete. Akiuliza menu iko wapi, mwonyeshe stage ya kurudi tao.