Ramani, Fanani na Taharuki

Makala haya yananuia kueleza jinsi ramani iliyochapishwa inavyotumika katika mchezo wa masimulizi wa mezani. Mchezo huu ulipata umbo lake mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons nchini Marekani. Mchezaji mmoja huwa msimulizi. Waliosalia huwa wahusika.

Msimulizi huificha ramani. Wachezaji huelezwa kile tu ambacho wahusika wao wangekiona: mlango, ngazi, giza. Wao huamua waendako, dadu hurushwa palipo na mashaka, kisha chumba kinachofuata hufunuliwa.

Mathalani, tuchukue Fort Jesus, iliyoko ukitoka Mama Ngina kuelekea Mji wa Kale. Ngome hii ilisanifiwa na Giovanni Battista Cairati na kuanza kujengwa mwaka 1593. Ramani yake huonyesha buruji nne na uwanja katikati. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Aishikaye ramani huziona kuta zote kwa mara moja. Mlinzi aliyezingirwa hakujua adui angepandia wapi. Ramani ikifunuliwa yote, taharuki hufa.

Aidha, fanani wa ngano huujua mwisho wa hadithi yake, na hadhira humwitikia. Katika mchezo huu, hadhira ndiyo huchagua mlango. Hivyo basi, fanani wake huijua nyumba nzima, lakini njia haijui.