Nanyin: muziki uliovuka bahari na wafanyabiashara

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayevusha katoni za raba mpakani huenda amewahi kuliona jina Jinjiang juu ya maboksi. Mji huo, ulio chini ya Quanzhou katika jimbo la Fujian, kusini mwa China, ni moja ya vituo vikubwa vya viatu vya michezo duniani. Lakini Quanzhou ilijua biashara zamani sana kabla ya raba. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliisifu bandari yake, ambayo Waarabu waliiita Zaitun.

Katika mji huo kuna muziki uitwao nanyin, yaani sauti ya kusini. Mwimbaji hukaa katikati, mkononi ameshika vibao vitano vya mti anavyogonga kushika mpigo. Pembeni yake wapo wapigaji wanne: wa pipa, wa sanxian yenye nyuzi tatu, wa dongxiao, ambayo ni filimbi ya mwanzi, na wa erxian, jamaa ya zeze. Kwingineko China pipa husimamishwa wima. Hapa hulazwa mapajani kama gitaa, mtindo wa enzi ya Tang, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita.

Ni muziki wa polepole mno. Aliyezoea rumba atadhani wapigaji wamesinzia! Neno moja huweza kuvutwa kwa pumzi kadhaa kabla halijaisha.

Watu wa Fujian walipohama kutafuta riziki Manila, Singapore, Malaysia, Indonesia na Taiwan, walikwenda nao. Ugenini walianzisha vyama vya nanyin, na humo mgeni aliyeshuka melini aliweza kukutana na watu wa kwao na kusikia lugha yao. Chama cha Siong Leng cha Singapore kilianzishwa mwaka 1941 na kipo hadi leo.

Kisha yakatokea mambo ambayo msomaji aliyerudi kutoka uhamishoni atayaelewa haraka. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, muziki wa kale ulipigwa vita China na vikundi vikanyamaza. Waliokuwa nje waliendelea kupiga. Milango ilipofunguliwa baada ya 1978, wengi walirudi kutembelea vijiji vyao, wakakaa na wenzao waliobaki na kupiga pamoja nyimbo zile zile.

Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza nanyin katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Heshima hiyo ni njema, ila haimfundishi mtoto kuimba. Shida kubwa ni lugha. Nanyin huimbwa kwa matamshi ya Quanzhou, na shuleni watoto husoma kwa Kichina cha taifa. Mtoto asiyeongea lugha ya bibi yake hukariri maneno kama kasuku.

Noti nazo hazitoshi. Zimeandikwa kwa herufi za Kichina, na pembeni yake alama za vidole vya pipa, lakini kinachoandikwa ni mifupa tu. Nyama huongezwa na filimbi na zeze, na hiyo hufundishwa na mwalimu ana kwa ana. Mzee akifa bila mwanafunzi, anazikwa nayo.

Wapo wanaotaka nyimbo zifupishwe na kuwekewa taa na dansi ili vijana wazipende. Kwa maoni yetu, jukwaani hilo halina ubaya, mradi darasani wimbo ubaki mzima. Shule za Quanzhou zimekuwa zikifundisha nanyin tangu miaka ya 1990, na mashindano ya wanafunzi hufanyika. Kwa desturi mwanafunzi hapewi ala siku ya kwanza. Huanza kwa kuimba majina ya noti mbele ya mwalimu, huku akihesabu mapigo kwa mkono, mpaka wimbo umkae kichwani.