Tuulize Kilichoingia, Siyo Kilichokatwa

Sitalike ni kijiji kilicho kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kusini mwa Mpanda, na nyumba za wageni za pale zinahitaji watalii wanaolipa wakiwa bado makwao. Fedha ya mgeni aliyeko Ujerumani hupita kwenye benki yake, mtandao wa kadi, kampuni ya malipo na benki ya hapa nchini, na kila mmoja hubakiza chake kabla haijamfikia mwenye nyumba. Mtafiti anayetaka kujua gharama ya safari hiyo kwa kawaida huandika kwenye dodoso: unakatwa asilimia ngapi? Swali hilo linapotosha. Majibu yake, hata yakikusanywa kwa uangalifu mkubwa, yataonyesha gharama ndogo kuliko ile inayomuumiza mfanyabiashara.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mgeni analipa dola 100, makato ni asilimia 4, zinabaki 96. Tuseme siku hiyo dola inauzwa sokoni kwa shilingi 2,500, lakini anayeibadilisha anampa mwenye nyumba 2,430. Kwenye akaunti zinaingia shilingi 233,280 badala ya 250,000. Zimepotea 16,720, yaani karibu asilimia 6.7, lakini mwenye nyumba atamjibu mtafiti kwa dhati kabisa kwamba anakatwa 4, kwa sababu ndiyo namba pekee iliyoandikwa kwenye mkataba wake. Kanuni za Tanzania za mwaka 2025 zinazotaka bei za ndani zitajwe kwa shilingi zinaweza kuihamishia benki ya mgeni sehemu ya hesabu hii, haziifuti. Benki ya Dunia nayo, inapopima gharama ya kutuma dola 200 kwa jamaa nje ya nchi, hujumlisha ada na tofauti ya kiwango cha kubadilisha fedha. Wauza huduma wanastahili kipimo hichohicho, hasa kwa kuwa nchi za G20 zimejiwekea lengo kwamba wastani wa gharama za malipo ya rejareja ya kuvuka mipaka usizidi asilimia 1 ifikapo mwisho wa 2027.

Jambo la pili ni nani anayeulizwa. Tume ya Ulaya ilipochapisha mwaka 2015 utafiti wake wa gharama za fedha taslimu na kadi, iliwahoji wafanyabiashara wakubwa. Matokeo ya kundi hilo hayawezi kumsemea mwenye vyumba sita. Ulaya yenyewe inaonyesha jinsi kulipa ukiwa mbali kunavyopandisha bei: chini ya makubaliano ya 2019 na Visa na Mastercard, ada inayokwenda kwa benki ya mwenye kadi iliyotolewa nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya ina kikomo cha asilimia 0.2 au 0.3, kutegemea aina ya kadi, akilipa dukani, lakini 1.15 au 1.5 akilipa mtandaoni. Kikomo hicho kinawalinda wauzaji wa kule; hakifiki Katavi.

Wapo watakaosema wafanyabiashara wadogo hawana kumbukumbu za kujibu maswali magumu. Wanazo: uthibitisho wa malipo ya mgeni na taarifa ya akaunti ya benki. Mtafiti achukue malipo matatu ya mwisho, aviweke vitu hivyo viwili pamoja, kisha aitenge kamisheni ya wakala wa mtandaoni, kwa kuwa hiyo ni gharama ya kutafutiwa mgeni. Wengine watasema fedha taslimu ndiyo nafuu. Huenda ikawa hivyo, lakini nayo hupelekwa Mpanda kwa nauli, kwa hiyo nayo ipimwe kwa mizani hiyohiyo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba sampuli itakuwa ndogo mno. Ni kweli kwamba Sitalike peke yake haitoshi kupata wastani wa taifa. Inatosha kuwaonyesha wale ambao takwimu za benki haziwezi kuwaona kamwe: wenye nyumba walioacha kupokea malipo ya mtandaoni, na wale ambao hawakuwahi kuanza. Hao nao waulizwe walikataa kwa sababu gani, na ni wageni wangapi waliwapoteza kwa kukataa.