Ngoma Kumi na Nne, Fleshi Moja

Ukitaka kujua ngoma imeshika ama imeanguka, wachana na simu. Panda nganya ya Umoja saa kumi na mbili jioni, ukae siti ya nyuma ya dere, umcheki venye anacheza na fleshi yake. Biti inaingia, vesi moja, korasi, alafu kidole. Ngoma ingine. Toka Muthurwa mpaka City Stadium nilihesabu ngoma tisa, na hakuna hata moja ilifika vesi ya pili. Makanga anaimba korasi akiitisha fare, mayut huko nyuma wameinama kwa simu. Msanii wa sai anaingilia hapo: uko na dakika moja, na kidole ya dere iko rada.

Lakini hiyo siku mvua ilikuwa imenyesha na Jogoo Road ilikuwa imefunga kabisa. Dere akachoka kufinya. Akawachilia Victims of Madness ya Wakadinali, ile albamu yao ya 2020, ijicheze yenyewe toka mwanzo. Mat yote ikanyamaza. Kulikuwa na mse wa suti hapo mbele yangu, mtu ungedhani anaskizanga taarabu na taarifa ya saa moja pekee, kumbe anajua mistari ya Scar wa Wakadinali neno kwa neno. Alikuwa anaitoa polepole akiangalia dirisha, ka mtu anasali. Mi nilipitishwa steji yangu na sikuteta.

Sasa rudi mtaani. Niko na beste yangu rapa, kalamu safi, miaka mbili nzima alikuwa anaweka doo ya albamu. Studio ya mtaa ilikuwa inamchaji thao tatu kwa ngoma, biti ikiwa ndani, na alirekodi kumi na nne. Piga hesabu: thao arobaini na mbili, na bado hujalipa wa kava wala wa video. Akaitoa Ijumaa saa sita usiku, ka wasee wa majuu. Sisi wote tukaipost kwa status. Mathe yake akaskiza mbili, akasema Mungu ambariki.

Jumatatu tukakaa kwa keja yake tukafungua namba. Ngoma ya kwanza ilikuwa imechezwa mara mia sita na kitu. Ya pili, mia mbili. Zikaendelea kushuka ka ngazi ya ploti mpaka ya tisa. Na hiyo ya tisa ndio noma kushinda zote, amerekodi guka yake akielezea venye alikuja Nairobi kutafuta kibarua, alafu biti inaingia chini ya hiyo sauti ya mzee polepole. Mara kumi na moja. Na kwa hizo kumi na moja, nne zilikuwa zangu.

Beste akafunga laptopu, akaniuliza ka nataka chai.

Hapo ndio wale wa timu singo, wenye husema toa ngoma moja moja, wanakushinda bila hata kupaza sauti. Spotify iliingia Kenya 2021, na toka 2024 ngoma isipofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi kumi na mbili, hailipwi. Na strimu haihesabiwi mpaka mtu apitishe sekunde 30. Sasa chukulia mafans wako wote wakiungana watakupea strimu 8,400 kwa mwaka. Zigawe sawasawa kwa ngoma kumi na nne, kila moja inabaki na 600. Hakuna kitu hapo. Lakini hizo hizo 8,400 ukiziweka kwa ngoma nne, kila moja iko na 2,100, na zote zimeingia kwa hesabu. Si ati utaomoka, hiyo ni pesa ya smokie na kachumbari, lakini ni yako.

Alafu kuna kuomba wale wenye playlisti. Kila ukitoa kazi, Spotify inakuruhusu upeleke ngoma moja pekee wakuangalizie. Utoe kumi na nne kwa mpigo, umebisha mlango moja. Uzitoe moja moja, umebisha kumi na nne. Skiza nayo, tangu Safaricom waianzishe 2009, haijawahi jua albamu ni nini. Hapo ni korasi yako na mtu mwenye anangoja simu ishikwe.

Wazee wetu nao wanapendanga kusema ati ni sisi mayut tuliua albamu. Zii. Guka wangu mwenyewe alikuwa na santuri ndogo za benga kwa sanduku chini ya kitanda, zile za 45, wimbo upande huu, wimbo upande ule. Wimbo ikiwa ndefu, ilikatwa katikati: waimbaji wanamaliza maneno yao upande wa kwanza, gita zinaachiliwa zikimbie upande wa pili, na we katikati ya densi unaamka kugeuza. River Road ilichapa hiyo biashara miaka mingi. Kwa hivyo hii maneno ya ngoma moja moja ilikuwa Kanairo kabla hata fathe aanze kukatia mathe.

Mi shida yangu na singo ni kitu ingine. Kumbuka gengetone. Ethic walitoa Lamba Lolo 2018, Sailors wakakuja na Wamlambez 2019, na baada ya hapo ilikuwa ni mafuriko. Kila wiki mbogi mpya, kila mtaa na yake, na tulikatika sana, siwezi danganya. Lakini mwaka ikipita unajipata unaimba korasi na hujui ni ya nani. Ngoma ilibaki, mwenyewe akapotea. Na uliza mtu yeyote mwenye ashawahi pewa shoo: ukiwa na ngoma mbili zenye watu wanajua, na umelipwa usimame dakika arobaini na tano, hizo zingine utajaza na nini? Kusalimia mitaa zote za Nairobi, alafu unaomba deejay akusaidie.

Weka hapo E-Sir. Albamu yake Nimefika ni ya 2003, na ni mwaka huo huo tulimpoteza kwa ajali. Mse hakupata hata nafasi ya kuzeeka. Lakini mtoto wa sai, mwenye hata hakuwa amezaliwa, akitaka kujua huyu E-Sir alikuwa nani, kuna mahali pa kumtuma. Haokoti vipande.

Na ukicheki wenye walishinda na albamu Kenya hii, hawakuanza nayo. Nyashinski alirudi 2016 na singo, akatulisha singo miaka, mpaka tukaanza kumuuliza sisi wenyewe albamu iko wapi. Lucky You ikakuja 2020. Sauti Sol, kabla watoe Live and Die in Afrika mwisho wa 2015, tulikuwa tushacheza Sura Yako mpaka kwa harusi za ocha. Yaani albamu ilipata watu washakaa, sahani iko mkononi. Hata nje ya Kenya, Diamond 2022 alitoa ngoma kumi akaziita EP. Kumi! Beste yangu angeita hiyo ni nusu ya maisha yake. Lakini naelewa mbinu: ukiita albamu watu wanaanza kukupima, ukiita EP wanakuchukulia ka umewabebea zawadi ndogo tu.

Mi, ka hujajua, niko upande wa albamu. Nazipenda vibaya. Napenda ngoma ya sita yenye haijawahi pigwa redio, napenda venye moja inaisha ingine ikiingilia kwa mlango ya nyuma. Lakini usiniletee kabla nikuulize. Nipe moja nikatike, nipe ya pili nikutafute jina, ya tatu nianze kukusumbua. Hapo sasa niletee zote, hata ishirini, na ntakaa kwa jam nizimalize.

Nilimwambia beste hivyo. Akasema ni rahisi kubonga ka si doo yako ilichomeka. Ni ukweli.

Wiki iliyopita nikabeba albamu yake kwa fleshi nikampelekea yule dere, steji, akiwa anangoja gari ijae. Akaigeuza kwa mkono.

"Ziko ngapi hapa?"

"Kumi na nne."

Akacheka, akanirudishia. "Buda, nipe moja."

Makanga alikuwa ashaanza kugonga bodi. Nikatoa simu, nikamtumia ya tisa.