Mgonjwa, Tabibu na Usalama wa Dawa za Virusi

Katika wadi ya Marungu, kaunti ya Taita Taveta, pale ambapo barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi hupita mjini Maungu, na madereva wa malori hutua wakala na kulala kabla ya kuishika tena njia ya Voi na bara, wapo watu ambao siha yao imesimama juu ya kidonge kimoja kinywewacho kila siku, nao hukipokea kliniki cha kuwatosha miezi kadhaa bila ya kusema na mhudumu ila maneno mawili matatu ya salamu. Kidonge hicho, kilichochanganywa tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, huvizuia virusi vya UKIMWI visizaane mwilini, na atumiaye kwa utaratibu huishi maisha marefu kama wenziwe. Walakini hakuna dawa iliyoumbwa bila ya upande wake wa madhara, na habari za upande huo hazipatikani ila mgonjwa na tabibu wasemezane.

Sababu za kunyamaza si ngeni kwetu. Mmoja humstahi daktari hata akaona kumwuliza ni utovu wa adabu. Mwingine hutazama foleni iliyo nyuma yake akaona haya kuwakalisha wenziwe juani. Wa tatu huchelea kwamba akitaja usumbufu wa dawa atadhaniwa ameiacha, naye akaripiwe mbele za watu. Hofu hizo zina asili yake, lakini historia ya dawa zenyewe yashuhudia kwamba kunyamaza kuna hasara kubwa zaidi.

Stavudini, iliyookoa roho nyingi katika miaka ya mwanzo ya matibabu, ilikuja kujulikana kwamba huwasha nyayo na kuzitia ganzi, na kwamba hula mafuta ya uso hata mashavu yakabonyea na majirani wakaanza kunong'ona. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iondolewe hatua kwa hatua. Efavirenzi iliyotumiwa sana baada yake ilikuwa na kizunguzungu na ndoto za kutisha, na kwa hiyo wagonjwa waliagizwa waimeze wakati wa kulala. Agizo hilo lamfaa mkulima wa Sagalla arudiye nyumbani jioni, ila kwa dereva ashikaye usukani usiku kucha ni hatari iliyo dhahiri, na tabibu hawezi kuijua kazi ya mtu asipoambiwa.

Kisa kilicho na mafunzo zaidi ni cha mwaka 2018. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kuipokea dolutegraviri ya bei nafuu, nayo ilisifiwa kwa nguvu zake na kwa uchache wa usumbufu wake, mara mwezi wa Mei watafiti wa Botswana wakatangaza kwamba baina ya wanawake 426 waliokuwa wakiitumia wakati wa kushika mimba, watoto 4 walipatikana na kasoro ya ubongo au uti wa mgongo, kiasi kilichozidi sana kile cha dawa nyingine. Wizara za afya zilitahadhari, na wanawake wengi wa umri wa kuzaa, wa Kenya wakiwamo, wakaambiwa wabaki na efavirenzi. Mwezi wa Julai wanawake 39 wanaoishi na virusi, kutoka nchi 18 za Afrika, wakakutana Kigali na kutamka kwamba wao ni watu wazima wenye akili timamu, na kwamba haki yao ni kuelezwa manufaa na madhara yote ili wachague wenyewe. Mwaka uliofuata, hesabu ya Botswana ilipofikia wanawake 1,683, kasoro zilikuwa 5 tu, yaani kiwango kilishuka kutoka kama 9 katika kila 1,000 hadi 3, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa wote, wanawake na wanaume. Uchunguzi wa baadaye haukuona tena tofauti baina yake na dawa nyingine. Hofu ya kwanza haikuwa uzushi, kwa kuwa ilitokana na hesabu ya kweli ila ndogo. Kosa lilikuwa kumwamulia mwanamke kabla ya kumweleza.

Basi mgonjwa aingiapo chumba cha tabibu, iwe zahanati ya kijijini au Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi, na ataje kila akitumiacho, hata kile ambacho yeye hakihesabu kuwa ni dawa. Vidonge vya kiungulia na vile vya kuongeza damu wapewavyo wajawazito huweza kuizuia dolutegraviri isiingie mwilini ipasavyo, na sharti mtu aelezwe saa za kuvitenganisha au kama atavinywa pamoja na chakula. Mwenye kifua kikuu atumiaye rifampisini huhitaji dolutegraviri mara mbili kwa siku, na mwenye kisukari atumiaye metformini huenda akapunguziwa kipimo cha metformini hiyo. Mwenye maradhi ya figo na aseme, kwa sababu ya tenofoviri. Atarajiaye mtoto na aseme. Na anywaye miti shamba asifiche, maana tabibu mwenye busara hamcheki mtu kwa mizizi ya babu zake. Kisha na aulize: nitarajie nini katika majuma ya mwanzo, lipi litapita lenyewe, na lipi la kunileta mbio? Upele wenye malengelenge, macho kuwa manjano, mkojo mweusi na kupumua kwa shida ni mambo yasiyongoja siku ya kliniki.

Lililo baya kuliko yote ni kuiacha dawa kwa siri, kwani virusi hupata wasaa wa kuzaana na kuwa sugu, na mwenye homa ya ini ya aina ya B, ambayo tenofoviri na lamivudini huituliza pia, aweza kuamkiwa na maradhi hayo kwa ukali.

Mhudumu naye ana wajibu wake: atafute faragha, asikilize pasi na kukaripia, na aandike. Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya ina fomu ya manjano ya kuripoti madhara yanayoshukiwa kuletwa na dawa, na mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuripoti. Kwa taarifa za namna hiyo ndipo dawa huwekewa masharti, hubadilishwa kipimo au huondolewa. Na mtu wa Maungu aliyevumilia kimya kimya, hata kama ameteseka mwaka mzima, katika hesabu hizo huwekwa pamoja na wale ambao dawa haikuwadhuru lolote.